Mzee wa Kanisa Aliyejua Sababu

Alikuwa na namna yake ya kumsalimu mgonjwa. Hakusema pole. Alivuta kiti, akaketi karibu na kitanda mpaka magoti yake yakagusa godoro, akauliza, "Umetenda nini?"

Nilimsikia akiuliza hivyo mara nyingi katika miaka niliyomjua. Aliwauliza watu wazima, akawauliza watoto, na siku moja alimuuliza fundi wa magari aliyekatwa vidole vitatu na feni ya injini asubuhi ileile, damu ikiwa bado inapenya kwenye bandeji. Fundi alidhani anaulizwa ajali ilivyotokea. Akaeleza yote, injini, feni, msaidizi aliyewasha gari kabla ya wakati. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Hiyo ni feni," akasema. "Mimi nauliza juu yako."

Kanisa letu la mtaa wa Satellite lilikuwa na wazee wengi wa kanisa, na kila mmoja tulimtaja kwa jina lake au la mtoto wake wa kwanza. Yeye tu ndiye tuliyemwita Mzee wa Kanisa, basi. Ukisema hivyo hakuna aliyeuliza yupi. Mama yangu alipotusikia tukichelewa kulala alisema, "Nitamwita Mzee wa Kanisa," nasi tukanyamaza, mimi na mdogo wangu Njeri, tukivutana blanketi.

Kazi yake ilikuwa machinjioni Dagoretti. Alikuwa mkaguzi wa nyama, mtu wa koti jeupe, viatu virefu vya mpira na kisu chembamba, na hakuna nyama iliyotoka pale bila muhuri wake. Niliwahi kutumwa kumpelekea barua ya kanisa nikamkuta kazini. Ng'ombe mzima alikuwa ananing'inia mbele yake, mnene, mafuta meupe, na mwenye ng'ombe alikuwa anatabasamu kando. Mzee wa Kanisa akalichukua ini, akalipasua mara tatu kwa upole, kama mtu anayefungua kurasa. Akatoa mnyoo mdogo bapa kama jani lililolowa, akauweka kwenye kiganja na kumwonyesha mwenye mali. Ini likatupwa kwenye pipa. Yule mwenye ng'ombe akaanza kulalamika kwamba mnyama alikuwa mzima, alikuwa anakula vizuri.

"Huko nje wote ni wazima," Mzee wa Kanisa akamjibu, akageukia ng'ombe aliyefuata.

Hakula nyama. Katika arusi zote nilizomwona, alipewa sahani yake ya maharagwe, na mtu akimshawishi angalau aonje kipande, alisema ameshaiona ya kutosha. Mikono yake ilinukia sabuni daima. Ilikuwa mizuri kuliko uso wake, mikono ile. Uso ulikuwa mkavu na macho hayakupepesa, lakini mikono ilijua kushika.

Naandika hilo mapema kwa sababu sitaki nionekane namsingizia. Alikuwa mtu mkatili. Lakini Njeri alipoanguka kanisani kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka mitano, kanisa zima lilirudi nyuma. Viti vilisukumwa. Watu wengi waliamini kwamba mate ya mwenye kifafa yakikugusa nawe utaanguka. Mama alikuwa anapiga kelele. Mimi nilikuwa nimeganda. Aliyetoka mbele akapiga magoti sakafuni ni yeye. Alimlaza Njeri ubavu, akavua koti akamwekea chini ya kichwa, akamfuta povu mdomoni kwa leso yake mwenyewe, akakaa naye hadi mwili ukatulia. Kisha akaikunja leso ile, akairudisha mfukoni.

"Kesho asubuhi nitawapeleka kliniki," akamwambia mama.

Akatupeleka kweli, hadi mjini, kwenye hospitali kubwa. Tangu siku hiyo, kwa karibu miaka miwili, kila mwezi aliomba ruhusa kazini, akapanga foleni mwenyewe na kutuletea vidonge kwenye mfuko wa shati. Baba yetu alikuwa ameshatuacha akaenda kuishi Nakuru na mwanamke mwingine, na hata siku moja hakuuliza habari za Njeri. Mzee wa Kanisa ndiye aliyenifundisha kuvunja kidonge katikati kwa kisu bila kupoteza unga. Ndiye aliyemkataza mama kumfungia Njeri ndani kwa aibu.

Na kila alipomkabidhi mama vidonge, alimwambia maneno yaleyale: "Mama Wambui, hii inatuliza mwili. Kilicholeta ugonjwa bado kiko hapa nyumbani. Kitafute."

"Nitakitafutia wapi, Mzee?"

"Ndani yako. Mungu anakupenda. Mzazi anayekupenda hakuchapi bure."

Hiyo ndiyo ilikuwa imani yake yote. Mungu ni upendo, Mungu ni mwenye nguvu zote, kwa hiyo kila maumivu yana sababu, na sababu iko kwa anayeumwa au kwa aliyemzaa. Hakuwa anatania, wala hakuwa na nia ya kuumiza. Nafikiri aliiona imani hiyo kuwa huruma. Kwamba mtu aumie bila kosa, na Mungu anatazama tu, hilo ndilo lililomtisha. Nimelitambua hilo nikiwa mtu mzima. Nikiwa mtoto niliona macho yake tu.

Aliwachukia wahubiri wa mjini. Nilipomaliza shule nilipata kazi katika duka la vitambaa Biashara Street, na saa ya chakula tulipenda kwenda kukaa kwenye bustani, ambako wahubiri walisimama na spika zao. Siku moja nikamwona pale katikati ya umati, amevaa koti lake la kijivu, mikono nyuma. Mhubiri alikuwa kijana mwenye suti inayong'aa. Alisema Mungu hataki mtu yeyote awe mgonjwa, atakaye uponyaji ainue mkono aupokee sasa hivi.

"Na wasiopona?" Mzee wa Kanisa akauliza kwa sauti.

"Hao imani yao ni ndogo, baba."

Akacheka. Ni mara ya pekee niliyomwona akicheka, akaonyesha meno madogo, akatazama huku na huku kama anayetaka mtu wa kucheka naye. "Kumbe nawe unawalaumu," akamwambia yule kijana. "Wewe unawalaumu baada, mimi nawalaumu kabla."

Watu wakamzomea, akaondoka zake.

Mama alikitafuta kile kilicholeta ugonjwa wa Njeri. Sijui niseme vipi jinsi alivyokitafuta. Alisafiri hadi Murang'a kumwomba msamaha mama mkwe ambaye alikuwa akimtukana tangu siku ya arusi. Yule bibi akampokea, akamwambia ni vizuri amejua makosa yake. Alirudi na uso umevimba kwa kulia. Njeri akaanguka wiki hiyohiyo. Mama akafunga siku tatu bila kula. Akakumbuka kwamba akiwa msichana aliwahi kumcheka mtoto wa jirani aliyekuwa kiwete, akatafuta mahali mtu yule alipo, akaambiwa amekufa zamani. Hilo lilimtesa sana.

Kisha akafika kwenye sukari.

Mama alikuwa amefanya kazi Lavington kwa miaka tisa, kwenye nyumba moja yenye ukuta mrefu na askari getini, akiosha, akipika, akilea watoto wa watu. Kila Ijumaa alikuwa anamimina sukari kidogo kwenye kikopo cha majani ya chai na kuja nayo nyumbani. Sisi tulijua. Ilikuwa sukari ya Jumapili. Alipomweleza Mzee wa Kanisa, yeye akaitikia kwa kichwa polepole, kama daktari aliyepata anachokitafuta.

"Nenda ukaseme," akamwambia.

Mama alinisimulia baadaye. Alimkuta mwajiri wake sebuleni akisoma gazeti, akasimama kwenye kapeti na aproni yake.

"Madam, niko na kitu nataka kusema. Sukari yenu, nimekuwa nikibeba."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze."

Madam hakupiga kelele. Alikunja gazeti, akasema anamshukuru kwa kusema ukweli, kisha akamwambia avue aproni. Getini, yule askari ambaye mama alikuwa akimpa chai kila asubuhi kwa miaka tisa aliambiwa apekue mkoba wake. Akaupekua. Hakumtazama usoni.

Mama alifika nyumbani saa nne asubuhi. Nilikuwa nimefunga shule. Hakulia. Alikuwa anang'aa. Akampakata Njeri, akamshika uso kwa mikono miwili, akasema, "Sasa imekwisha, mtoto wangu. Imekwisha." Aliamini hivyo kwa moyo wote. Tulikaa pale chumbani tukimtazama Njeri akicheza na vifuniko vya chupa, mama akitabasamu kila mara.

Njeri alianguka saa nane, na akaanguka tena saa kumi na moja.

Mzee wa Kanisa alipita jioni kupeana habari za ibada. Mama akamwambia kazi imekwenda na mtoto ameanguka mara mbili. Akafikiri kidogo, akiwa amesimama mlangoni.

"Basi haikuwa hiyo," akasema. "Endelea."

Baada ya hapo mama aliishi kwa vibarua vya kufua. Alitoka asubuhi na mapema akaenda kusimama na wanawake wengine kando ya barabara, wakisubiri kuitwa kwenye nyumba za watu, na Njeri akabaki chini yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano.

Jumamosi nilikuwa na darasa la kipaimara. Mzee wa Kanisa ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Lilikuwa darasa la kuogofya. Mlango ulifungwa saa nne kamili, na ukichelewa mara moja umesubiri mwaka mwingine. Tulikariri maswali na majibu, neno kwa neno. Ukikosea kiunganishi tu ulianza upya kutoka juu. Msichana mmoja aliwahi kumuuliza kwa nini Mungu aliruhusu mamake afe wakati wa kujifungua. Wote tuliinamisha vichwa. Mzee wa Kanisa alimtazama, akamuuliza, "Wewe ulizaliwa siku hiyo?" Msichana akasema ndiyo. "Basi jiulize," akamwambia. Yule msichana hakurudi tena.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake bora. Niliyajua majibu yote. Nilikuwa nikiyasema huku nafua, huku nachambua mchele, na Njeri alikuwa ameshika mengine kwa kunisikia.

Jumamosi ile mama alipata kibarua akaondoka. Mimi nikaanza kufua nje, kwenye ua wa ploti tuliyopanga pamoja na majirani. Njeri alikuwa ameanguka alfajiri, na baada ya kuanguka alikuwa na tabia ya kulala usingizi mzito kwa saa kadhaa. Ilipokaribia saa nne nikamchungulia, alikuwa amelala fofofo. Siku hiyo mchungaji mgeni alikuwa anakuja kutupima. Nikaacha nguo kwenye beseni. Jirani yetu, mama mmoja kutoka Vihiga, alikuwa ameenda sokoni na nilijua angerudi muda si mrefu. Nikakimbia.

Nilifika mlango ukiwa unafungwa. Mzee wa Kanisa akanishika bega.

"Njeri yuko na nani?"

"Amelala, Mzee."

"Peke yake?"

Nikasema ndiyo. Kuulizwa tu kukanitia hofu. Nikamwambia, "Naomba nirudi. Nitafanya mwaka ujao."

Akatazama ndani, ambako mchungaji alikuwa ameshaketi. Akanitazama mimi.

"Kaa," akasema. "Mungu atamwangalia."

Nikakaa. Nikaitwa wa kwanza. Swali nililoulizwa lilihusu ulinzi wa Mungu kwa viumbe wake, na jibu lake ni refu, lile ambalo wengi walikuwa wanaliogopa. Nililisema lote bila kukwama. Mchungaji akapiga makofi, akampa Mzee wa Kanisa mkono.

Njeri alikuwa ameamka akatoka nje kunitafuta. Jirani alimkuta ameangukia uso kwenye beseni. Maji hayakufika hata kwenye kiwiko cha mtu mzima. Nilipoona watu wamejaa kwenye ua nilijua, lakini niliendelea kutembea kwa kasi ileile, wala sikukimbia, kwa sababu nilifikiri nikifika polepole kitu kitabadilika.

Mama hakuniuliza nilikuwa wapi. Alijua ni siku ya darasa. Hakuniuliza na mimi sikusema.

Tulimzika Lang'ata, kwenye udongo mwekundu uliolowa. Mzee wa Kanisa aliombwa aseme neno kwa niaba ya wazee. Alisimama kwenye ukingo wa kaburi, Biblia kwapani.

"Mungu hachukui bila sababu," akasema. "Kuna mtu hapa anaijua sababu."

Akanitazama mimi. Hakuzungusha macho kama wanavyofanya wasemaji. Aliyaweka kwangu, akayaacha hapo.

Mama akasimama. "Itaje," akasema. "Mzee, itaje mbele ya watu. Nimetafuta nimechoka."

"Anayeijua anaijua," akajibu, bado ananitazama.

Nami nikajua kwamba nimeitwa muuaji wa mdogo wangu mbele ya kanisa lote na Mungu, na kwamba ni kweli. Nilipewa kipaimara miezi miwili baadaye. Askofu aliponiwekea mikono kichwani nilikuwa nangoja kitu kinipige.

Yaliyompata Mzee wa Kanisa yalianza miaka mitatu hivi baada ya hapo. Mkewe aliugua saratani ya mifupa. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyezoea kutembea hatua tano nyuma yake, na ambaye sisi watoto hatukuwahi kusikia sauti yake. Ugonjwa ulimpa sauti. Alikuwa akilia hadi watu wakamsikia barabarani. Mama alikuwa miongoni mwa wanawake wa kanisa waliopangiwa zamu ya kumwogesha, na akakubali kwenda, sijui kwa nini. Yeye ndiye aliyeniambia haya.

Mzee wa Kanisa aliingia chumbani, akavuta kiti, akaketi karibu na kitanda mpaka magoti yakagusa godoro. Akamuuliza mkewe, aliyeishi naye miaka thelathini na minane, lile swali lake.

Mkewe akamtazama. Alikuwa na jasho usoni. "Bwana wetu mwenyewe aliulizwa juu ya yule kipofu," akasema. "Walitaka kujua nani alifanya dhambi, ni yeye au wazazi wake. Yeye hakumtaja mtu. Alitema mate chini akatengeneza tope, akamponya. Wewe unajua kuliko yeye?"

"Nakuuliza kwa faida yako."

"Toka. Niachie huyu aniogeshe."

Akatoka. Mama anasema alimwona kupitia dirisha amesimama kwenye shamba lake la sukuma wiki, kisu cha jikoni mkononi, hakati chochote.

Kwa kuwa mkewe alikataa kuungama, aliamua kuungama yeye. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akasema kwamba mwaka fulani aligonga muhuri kwenye nyama ambayo hakuikagua vizuri kwa sababu alikuwa na homa. Watu wakaguswa. Jumapili iliyofuata akasimama tena. Aliwahi kumdanganya babake kuhusu mbuzi. Jumapili nyingine, aliwahi kumtamani mwalimu wake wa shule ya msingi. Makosa yakazidi kuwa madogo. Vijana wa kwaya wakaanza kucheka wakificha nyuso. Mkewe alikuwa anazidi kulia nyumbani. Mwishowe mchungaji alimfuata akamwomba akae chini, kwa kuwa ibada zinachelewa.

Katika majuma hayo nikamwona tena mjini, kwenye ile bustani. Alikuwa kwenye foleni ya watu waliotaka kuombewa. Ameshika kitambaa cha kichwa cha mkewe, amekikunja vizuri. Wengine walileta picha, wengine viatu vya watoto. Alisogea hatua kwa hatua nyuma ya msichana mwenye mtoto mgongoni, na alipofika mbele alimpa mhubiri kile kitambaa kwa mikono miwili. Sikusogea karibu. Nilikuwa nimemaliza chakula changu nami nilifurahi. Nataka niliseme hilo wazi. Nilirudi dukani nimefurahi, nikapima vitambaa mchana kutwa nikiimba.

Mkewe alikufa wiki hiyo, analia.

Mara ya mwisho kukutana naye ilikuwa mwaka wa elfu mbili na tisa. Kisukari kilikuwa kimemla miguu. Mmoja ulishakatwa, mwingine ulikuwa unaoza, naye alikataa kurudi hospitali. Binti yake akanipigia simu dukani. "Baba anakutaka. Sijui ni nini. Anasema ni wewe tu."

Nilienda Jumapili mchana. Chumba kilinukia sabuni, na chini ya sabuni kulikuwa na harufu nyingine. Alikuwa amebaki mifupa. Ile mikono ilikuwa juu ya shuka, imevimba, kucha ndefu.

"Kaa, Wambui," akasema.

Nikavuta kiti, nikakiweka mbali kidogo na kitanda.

"Siku ile Lang'ata, nilikutazama. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu nilimwacha Njeri."

"Hapana." Akapumua kwa shida. "Wewe ulitaka kurudi. Mimi ndiye niliyekuzuia. Mchungaji alikuwa ameshasikia sifa za darasa langu, na wengine wote hawakuwa wamekariri vizuri. Nilikuhitaji. Pale kaburini niliogopa utafungua mdomo. Nilikutazama ili uogope."

Nilisikia watoto wakicheza mpira nje, wakibishana kama bao limeingia. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Miaka saba nilikuwa naamka kila siku nikiwa mtu aliyeua mtoto.

"Ulijua?" nikamuuliza. "Miaka yote hii ulijua ninachofikiria?"

"Nilijua."

"Na ulikuwa unanipa mkono kanisani."

"Nilikuwa nakupa mkono."

Akaanza kulia, kilio kikavu bila machozi, na maumivu ya mguu yakamshika. Alijikunja. Akamwita Mungu kwa Kikuyu, kama mtoto. Yalipomwachilia kidogo akanigeukia, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona, alikuwa anangoja.

"Sasa sema," akaniambia. "Wewe una haki. Sema ndiyo sababu. Sema Mungu ananilipa kwa ajili ya Njeri, na mke wangu pia. Nimeungama kila kitu isipokuwa hilo. Ukilisema nitaelewa. Nitavumilia nikielewa."

Nilikuwa nalo mdomoni. Lilikuwa neno moja tu. Angelipokea kama maji. Angekufa ameridhika kwamba hesabu za Mungu ni sawa, kwamba mtoto wa watu na mke wake mwenyewe walichinjwa ili yeye afundishwe. Nikawaza, Mungu wa namna hiyo akiwapo mimi simtaki, hata akiniita kwa jina. Nikamwaza yule mwingine, aliyepigwa misumari hana kosa, akauliza kwa nini kwa sauti kubwa, na mbingu zikanyamaza.

"Hapana, Mzee," nikasema. "Njeri alikuwa na kifafa, na beseni lilikuwa na maji. Mkeo alikuwa na saratani. Wewe una kisukari. Ulinifanyia ubaya mkubwa, na huo ni wako. Lakini mguu huu ni mguu tu."

"Usiniambie hivyo."

"Ndivyo ilivyo."

"Basi kwa nini? Kama anatupenda, kwa nini?"

"Sijui."

"Wambui, tafadhali."

Nilimnyima. Hadi leo sijui kama nilimnyima kwa sababu ni kweli, au kwa sababu niliona ndicho kitakachomuumiza zaidi. Nafikiri ni yote mawili. Binti yake alikuwa ameenda kununua bandeji, na bandeji iliyokuwapo ilikuwa imelowa. Nikaifungua. Nikamwosha mguu kwa maji ya chumvi, yeye akipiga kelele, akinitukana, akiniomba nimpe sababu. Sikumpa. Nikamfunga kitambaa safi, nikamgeuza ubavu, nikamfuta mdomo. Binti aliporudi nikaondoka. Alikufa siku tisa baadaye.

Siku ile niliyomwosha mguu nilifika nyumbani nikamkuta mama anakata sukuma wiki. Nikamwambia yote, kuanzia mlango wa darasa. Nilipofika mahali pa kaburini aliacha kukata.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Mbona hukuniambia? Ulikuwa mtoto."

Akanishika kichwa akakiweka kifuani. Tulikaa hivyo muda mrefu. Kisha akauliza, "Ana maumivu mengi?"

"Mengi sana, Mama."

Nikahisi mwili wake umekakamaa. Akaniachilia.

"Niliomba ayapate," akasema. "Tangu tulipomzika Njeri. Kila asubuhi nikipiga magoti, kabla sijaomba kitu kingine, nilimwambia Mungu ampe uchungu mpaka naye aulize kwa nini. Hata nikimwogesha mkewe nilikuwa naomba."

"Mama, Mungu hafanyi kazi hiyo."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alikuwa amenishika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi kwa maji ya mboga. Alinitazama kwa macho ya mtu anayeogopa kwamba ombi lake limesikilizwa.

"Sema tena," akaniambia.